Komine inalala juu ya shaba, inakula tiketi ya soko

Siku ya paye ya mwezi uliopita, mu bisi yenye inaturudisha kutoka ku kaliere, kijana mumoja wa ekipe yetu alifungua fishi yake ya paye. Akaweka kidole ku mustari yenye inaandikwa IPR, akaniuliza: "Delege, iyi makuta banakataka kila mwezi, inaendaka wapi?" Nikamujibu vile tunajibu siku zote: inaenda ku Leta. Akacheka. "Leta gani? Ile ya Kinshasa, ao ile yenye inashindwa kumwanga hata gari moja ya mawe mu njia ya kwetu?" Bantu bote mu bisi bakacheka, na mimi nikacheka. Lakini sikuwa na jibu ya kweli.

Ile mangaribi bibi yangu akarudi kutoka ku soko. Anauzisha bunga na mafuta. Akatosha makuta mu kitambaa, akahesabu, na katikati ya makuta kulikuwa tiketi ya komine ya siku ile. Analipa kila siku. Siku yenye hakuuzisha kintu, analipa pia. Kama hana ile karatasi ndogo, bantu ba takse banabeba sahani yake ya bunga mupaka alipe.

Nikaweka makaratasi mbili pamoja ku meza, fishi yangu ya paye na tiketi ya bibi yangu. Nikajiambia: iyi nyumba inalipa mara mbili. Bwana analipa ku mushahara, bibi analipa ku soko. Tena tunaishi juu ya shaba na kobalti yenye dunia nzima inatafuta. Na inje ya mulango yetu, wakati wa mvua kuko paka matope, wakati wa jua kuko paka vumbi ya makamio.

Si ju makuta hakuna. Njo jambo ninataka kusema leo. Sheria ya inchi inapatia komine, sekteri na sheferi haki ku makuta ya madini na ku kodi yetu. Sehemu ingine inafika, sehemu ingine haifikake. Ile yenye inafika, haionekane ku macho ya bantu. Na sisi batumikaji, benye tunajua kuhesabu kila saa ya zamu ya usiku mupaka franka ya mwisho, hatujakwenda kuuliza.

Sheria inasema nini

Tuanze na redevansi, ju bantu mingi banaisikia mu radio lakini habajaelezwa muzuri. Redevansi si kodi ya faida. Hata kama kompani inasema mwaka huu haikupata faida, inapashwa kulipa, ju hesabu inafanywa ku bei ya mali yenye inatoka. Ku shaba ni asilimia 3.5. Ku kobalti, tangu Leta iliiweka mu madini ya stratejiki mwisho wa 2018, ni asilimia 10.

Mu sheria ya madini ya 2002, redevansi ilikuwa inagawanywa mara tatu: 60 ku mia ya Leta ya katikati, 25 ya provinsi, 15 ya muji ao teritware. Ku karatasi ilikuwa muzuri. Lakini yote ilikuwa inapita kwanza mu mikono ya Kinshasa, na yenye ilirudi ilirudi sawa mayi ya kisima mu mwezi wa kenda, mbele ya mvua: tone, tone.

Tarehe 9 ya mwezi wa tatu 2018 sheria ikabadilishwa. Sasa Leta ya katikati inapata 50, provinsi 25, komine ao sekteri ao sheferi yenye mugodi iko ndani yake 15, na 10 inaenda mu fonda ya bizazi byenye bitakuja. Kuko tena jambo moja yenye ni kubwa kupita hesabu: kompani inalipa kila mumoja moja kwa moja ku konti yake. Komine haipashwe tena kungojea Kinshasa.

Tufanye hesabu sawa batoto ba masomo. Tuseme kompani inatosha shaba ya dola milioni 100. Redevansi ni dola milioni 3 na nusu. Leta ya katikati inakamata 1,750,000, provinsi 875,000, fonda ya bizazi 350,000, na komine 525,000. Kama ni kobalti ya bei ile ile, redevansi inakuwa milioni 10, na sehemu ya komine inakuwa milioni moja na nusu. Juu ya ile, kompani inapashwa kuweka asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka ju ya maendeleo ya bantu benye banaishi karibu na mugodi. Ku dola milioni 100, ni 300,000, na inapita mu chombo yenye tunaita DOT.

Iyo ni upande wa madini. Sasa turudie ku swali ya kijana wa bisi. IPR ni kodi ya inchi nzima. Katiba ya 2006, ku artikle 175, inasema provinsi iko na haki ya asilimia 40 ya makuta ya inchi nzima, na ile 40 inapashwa kubakia ku chanzo. Maana yake, provinsi ikamate yake mbele makuta haijasafiri. Na sheria ya tarehe 7 ya mwezi wa kumi 2008 inaongeza: mu sehemu ya provinsi, asilimia 40 ni ya miji, ya makomine, ya masekteri na ya masheferi, na inagawanywa kufuatana na mali yenye inatoka kule, ukubwa wa udongo na hesabu ya bantu. Hesabu: ku kila franka 100, 40 inabakia mu provinsi, na mu ile 40, franka 16 inapashwa kushuka mupaka chini kabisa, pale tunaishi.

Njo jibu nilipashwa kumupatia yule kijana. Mudogo wangu, IPR yako ni ya Leta zote mbili, ile ya mbali na ile ya karibu. Lakini ile ya karibu haioni sehemu yake vile sheria inasema. Ile kubakia ku chanzo imekuwa paka maneno ya katiba. Makuta inapanda Kinshasa, kisha inarudi siku yenye inarudi, na hesabu yenye Kinshasa inataka. Provinsi nayo, yenye inalia kila siku ju ya Kinshasa, inapogeuka ku komine inafanya vile vile.

Wakati kompani ilikuwa baba na mama

Baba yangu alitumika ku Gécamines. Sisi tulizaliwa mu lupitali ya Gécamines, tulisoma mu masomo ya Gécamines, tulikula mposho ya Gécamines. Ampule ikikufa mu nyumba, tulikimbia ku biro ya kambi. Mufereji ukipasuka, ku biro ya kambi. Ku komine tulienda paka kuandikisha mutoto mwenye kuzaliwa. Bantu balikuwa banasema: Gécamines ni baba, Gécamines ni mama. Na ilikuwa kweli.

Mu 1986 ile baba na mama ilitosha tani zaidi ya 470,000 za shaba. Mu 1990 mugodi ya Kamoto ikaanguka. Mu 1991 kukakuwa kupora mali mu miji. Mu 1993 Gécamines haikufika hata tani 60,000. Na mu 2003 batumikaji zaidi ya 10,000 balipewa makuta ya kuondoka, ile tuliita depar volontere. Baba yangu alikuwa mumoja wabo.

Ninataka museme na mimi ju ya ile makuta ya baba. Hakuikunywa. Alinunua mashini ya kusaga mahindi. Alikuwa na akili ya kazi, alikuwa na mikono, alikuwa na batoto ba kumusaidia. Lakini kuran ilikuwa inakuja mara mbili mu juma. Na njia ya kuleta mahindi kutoka ku mashamba ilikatika ku daraja, mbao zilioza. Alienda ku biro ya kambi, bakamuambia: mzee, siku hizi si kazi yetu. Alienda ku komine, bakamuambia: mzee, hatuna hata karatasi ya kuandikia. Kisha miaka mbili aliuzisha mashini kwa bei ya byuma.

Ninafikiria ile mashini kila wakati bantu banasema maendeleo. Kiliua kazi ya baba yangu si uvivu. Kompani iliondoka, na komine yenye ilipashwa kukamata kazi yake ilikuwa sawa mutoto mwenye hakufundishwa kupika: siku mama anakufa, analala njaa karibu na gunia ya bunga.

Leo kompani ni mingi, na tunaanza tena ile hadisi. Kompani inapaka rangi masomo, inachimba kisima, inaandika jina yake ku ukuta. Tunashukuru, na kisima ni kisima. Lakini mugodi iko na mwisho. Siku ya mwisho kompani inafunga mulango, inabeba funguo. Nani atanunua pompi ya kisima ikiharibika? Nani atalipa mulinzi wa masomo? Kama komine haijafundishwa leo, wakati makuta iko, kusimamia bintu bya bantu, batoto betu batauzisha mashini zabo vile baba yangu aliuzisha yake.

Makuta inaingia, inapotea namna gani

Kuko miaka tatu, mimi na badelege bawili tulienda ku komine moja, sitataja jina, na barua ya kulomba kuona bajeti. Siku ya kwanza, burugumesitiri hakuwa. Siku ya pili, batatuambia: mulete ruhusa ya kule juu. Siku ya tatu, mukubwa wa hesabu, mzee mwenye mvi, akatuingiza mu biro yake na akafunga mulango. Akasema: "Batoto bangu, musinilombe karatasi yenye itanifukuzisha kazi. Lakini nitabaelezea."

Na akatuelezea. Batumishi mingi ba komine habana namba ya Leta, kwa hiyo Kinshasa haibalipe. Komine njo inabatafutia kintu. Makuta yenye inapashwa kushuka kutoka juu haijashuka miezi mingi. Kwa hiyo komine inaishi na madeni: deni ya masanzi, deni ya karatasi, deni ya mwenye kupangisha biro. Siku redevansi inaingia ku konti, bote beko ku mulango na karatasi ya deni. Kisha simu inalia: kuko mugeni mukubwa anakuja, komine ichange ju ya mapokezi. Simu inalia tena: kuko mukutano, komine ilipe safari. Kiisha yote, inabakia ya kujenga kalasi tatu, na kalasi tatu zinafika ku linto, zinangojea redevansi ingine. "Redevansi yetu," mzee akasema, "inafika mu nyumba yenye iko na njaa ya mwaka nzima."

Sisemi wizi hakuna. Wizi iko, na munajua manyumba yenye ilipanda ghorofa kwa haraka. Lakini yule mzee alinifundisha kintu: hata kama tunaweka malaika mu biro ya burugumesitiri, ile makuta itaendelea kupotea, ju inatumiwa kuziba tundu yenye Kinshasa na provinsi zilitoboa. Kufukuza mwizi ni muzuri. Lakini ukifukuza mwizi na uachie tundu, mayi itatoka tu.

Kuko na magomvi ya mipaka. Mugodi moja inalala mu sekteri mbili, kila mukubwa anasema shimo iko ku upande wake, na makuta inakaa kungojea. Leta iko na karte ya madini na iko na bapimaji. Iyo kazi ingekwisha zamani kama bakubwa bangetaka ikwishe.

Bei ya kobalti si bajeti

Mu mwezi wa tatu 2018 tani moja ya kobalti ilipita dola 90,000. Mwanzo wa 2025 ilikuwa karibu 21,000. Tarehe 22 ya mwezi wa pili 2025 Leta ikasimamisha kutosha kobalti inje ya inchi kwa miezi ine, mu mwezi wa sita ikaongeza, na tangu tarehe 16 ya mwezi wa kumi kila kompani iko na kipimo yake, haiwezi kukipita. Leta ilitaka bei ipande. Mimi sibishi na ile leo.

Ninauliza swali moja tu. Redevansi inalipwa wakati mali inatoka mu izini kwenda kuuzishwa. Mali isipotoka, komine inakula nini? Kama komine iliingiza bantu ku kazi wakati kobalti ilikuwa juu, na ikaanza kuwalipa na makuta ya kobalti, siku kobalti inasimama inafanya namna gani? Munajua jibu. Inageukia bibi yangu. Tiketi inapanda, mutu wa takse anapita mara mbili, kijana wa moto anasimamishwa ku kila kona. Wakati mugodi inakohoa, soko njo inapelekwa ku lupitali.

Mukulima wa kwetu hakusoma ekonomi, lakini anajua miezi ya njaa. Mu mavuno anajaza gala, na hafungue gala yote mu mwezi wa sita, ju anajua mwezi wa kwanza na wa pili itakuja. Komine yenye iko na redevansi na haina gala, inaishi kwa bahati, na bahati yenyewe inapangwa London.

Bunga ku meza yetu

Ndugu ingine atauliza: iyi inatuhusu nini, sisi ba mugodi? Kazi ya sendika ni mushahara.

Basi tuseme ju ya mushahara. Kila wakati tunaenda ku mazungumzo na kompani, tunapigana ju ya nyongeza. Tukishinda, tunaimba mu bisi. Kiisha miezi mitatu, nyongeza imekwisha. Inaenda wapi? Inaenda mu bunga, mu makala, mu mayi ya kununua na bido, mu moto ya kufika ku masomo, ju bisi haipite mu matope. Sehemu kubwa ya bunga yetu inatoka na mahindi ya Zambia. Siku mupaka unafungwa, ao siku dola inapanda, gunia inapanda, na mushahara yetu inakufa pale ku meza bila kompani kukata hata franka.

Na udongo ya kulima iko. Mu Kambove, mu Lubudi, mu Mutshatsha, bantu banalima. Lakini kamio haifike ku shamba, ao inafika na bei yenye inamutoa mukulima machozi. Sekteri ikitengeneza njia moja ya mashamba na daraja yake, bunga inashuka ku soko. Ile ni nyongeza ya mushahara yenye bwana wa kompani hakusaini, na hawezi kuikamata.

Tena ile njia inaleta makuta ingine. Mukulima anauzisha, ananunua mabati. Mwenye kusaga anawasha mashini. Fundi wa kushona byuma, akipata kuran ya kweli, anafungua atelie na anakamata bijana bawili. Soko yenye iko na paa, choo na mayi inapata bauzishaji mingi, na balipa bila kukimbizana, ju banaona kile balipia. Komine inapata makuta yenye haitegemei kobalti. Njo maana ninasema makuta ya komine ikiwekwa mu njia, mu mayi, mu kuran na mu soko, inazaa. Ikiwekwa mu masanzi na mapokezi, inakufa siku ile ile.

Benye batabisha

Wa kwanza atasema: ukipatia komine makuta mingi, itakula mingi. Ninamujibu: makuta yenye ilibakia juu, ilijenga nini kwetu? Mwizi wa komine, ninamujua nyumba yake, ninaweza kwenda kumupigia kelele ku mulango. Mwizi wa mbali, sitamufikia hata na ndege. Makuta ikiwa karibu, hata macho inakuwa karibu. Lakini ni lazima macho ipewe kintu ya kuona, na ile nitaisema chini.

Wa pili atasema: ninyi ba Lualaba na Haut-Katanga munataka kula peke yenu, na ndugu ba Haut-Lomami, ba Kasai, benye habana mugodi mukubwa, bafanye namna gani? Ni neno ya haki, na mu ekipe yetu tuko bantu ba kutoka pote, tunalala mu kambi moja, tunazikana. Katiba iliona ile. Artikle 181 inaweka kese ya perekwasio, yenye inapashwa kupata asilimia 10 ya makuta yote ya inchi ju ya kusaidia provinsi zenye hazina. Kulomba haki yetu ya 15 na ya 40 haikamate makuta ya mutu. Tulombe na ile 10 ya ndugu zetu ifike kwabo. Sheria ni moja. Ukiiheshimu ku upande moja, uiheshimu yote.

Wa tatu atasema: achia kompani ijenge yenyewe, inajenga haraka kupita Leta. Kweli, inajenga haraka. Lakini kompani inajenga pale inapenda, na haipige kura na wewe. Mimi nilikuwa mutoto wa kompani. Ninajua utamu ya mposho, na ninajua siku ya kwanza bila mposho.

Tunalomba nini

Hatulombe sheria mupya. Zenye ziko zinatosha. Tunalomba mambo tano.

Moja, Kinshasa ianze kuheshimu 40 ku chanzo, na kama haiwezi siku moja, itupatie tarehe na hatua zenye kuandikwa, si ahadi ya mudomo. Na provinsi iache kuweka mukono mu 15 ya komine na ishushe sehemu yenye sheria ya 2008 inapatia entite za chini.

Mbili, kila miezi mitatu komine itundike ku mulango yake karatasi moja: kompani gani ililipa, ngapi, tarehe gani, na makuta ilifanya nini. Na kompani itundike yake ku mulango ya izini. Tukisoma zote mbili, tutaona kama zinafanana. Ninajua ITIE inatosha ripoti, na ni kazi muzuri. Lakini ripoti inakuja kisha wakati murefu, na iko mu ordinatere. Mama yangu anasoma mulango.

Tatu, redevansi isilipe maisha ya kila siku ya biro. Mimi ninapendekeza hivi, na mutu mwenye iko na hesabu bora ailete: ku kila dola 100, dola 60 iende mu kazi yenye inaonekana, njia, mayi, kuran, soko, masomo, 20 ibakie mu gala, mu konti yenye haifunguliwe bila baraza kupiga kura, 20 isaidie biro. Na ile kazi ya 60 ipewe kwanza bantu ba pale, bafundi betu na bijana betu.

Ine, bajeti isomwe mbele ya bantu. Mu desemba 2023, mu makomine ya miji mikubwa ya provinsi, tulichagua bakonseye ba komine kwa mara ya kwanza tangu katiba ya 2006. Kazi yabo ya kwanza ni kupiga kura ya bajeti na kuuliza hesabu. Batumike. Na pale bantu habajachagua, bachague, ju burugumesitiri mwenye aliwekwa na mukubwa wa juu anamuangalia mukubwa wa juu.

Tano, tiketi ya soko iwe moja, na bei yenye kuandikwa ku ukuta, na sehemu yake irudi mu soko ile ile. Bibi yangu hakatae kulipa. Anakataa kulipia matope.

Na sisi ba sendika

Sitamaliza bila kujisema mimi mwenyewe. Miaka yote iyi nilikuwa delege, nilipigana ju ya kasko, ju ya bote, ju ya saa za usiku, ju ya dawa ya batoto. Hata mara moja sikuweka bajeti ya komine ku meza ya mukutano yetu. Nilifikiria ni kazi ya bapolitike. Lakini redevansi inatoka mu jasho yetu. Kila tani yenye inapita ku mizani, sisi njo tulioichimba. Kama kuko mutu mwenye iko na haki ya kuuliza 15 iko wapi, ni yule mwenye mapafu yake iko mu ile vumbi.

Kwa hiyo ninalomba kila delegasio ya sendika ichague mutu mumoja, mwanaume ao mwanamuke, mwenye kazi yake itakuwa paka ile: kujua kompani yetu ililipa ngapi, ku konti ya nani, na komine ilifanya nini. Bibi zetu benye banauzisha ku soko nabo bachague wabo, ju balipa kila siku, na macho yabo haidanganywe. Tusiende na mawe. Tuende na karatasi, na turudi kila mwezi. Bakubwa bamezoea kelele ya siku moja. Habajazoea mutu mwenye anarudi.

Siku ya paye yenye inakuja, mimi na yule kijana tutashuka mu bisi mbele ya komine. Bibi yangu atatungojea pale na tiketi zake za mwezi nzima, amezifunga na kamba. Tutaweka fishi yetu ya paye na tiketi zake ku meza ya mukubwa, tutauliza maswali mawili tu: mulipokea ngapi, na muliiweka wapi? Kama batatuambia turudi kesho, tutarudi kesho. Mwenye anataka, ashuke mu bisi pamoja na sisi.